Wi-Fi Imetoweka Baada ya Kupiga Windows 11: Utoe Pesa au Usitoe?

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba zimepigwa Windows 11 hata zile ambazo kampuni yenyewe haizitambui. Mwenye mali anafika nyumbani, anawasha, alama ya Wi-Fi haipo. Anaambiwa kadi ya Wi-Fi imekufa, anunue nyingine.

Usikimbilie dukani. Kadi iliyofanya kazi asubuhi ni nadra ife jioni kwa sababu Windows imebadilishwa. Kinachokosekana mara nyingi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Fungua Device Manager. Kadi ikionekana humo, hata ikiwa na alama ya njano ya mshangao, basi kompyuta bado inaiona. Kwenye Hardware Ids, ndani ya Properties za kadi hiyo, utasoma imetengenezwa na nani: VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek, VEN_14E4 ni Broadcom.

Kizungumkuti ni kwamba draiva iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo huna. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, kisha washa USB tethering. (iPhone huenda ikadai programu ya Apple kwanza, kwa hiyo azima Android.) Simu ikiwa imeshika Wi-Fi ya nyumbani, kwa kawaida laptopu hupitia humo humo na bando haliguswi. Ukitumia bando, jihadhari. Faili la draiva mara nyingi halifiki MB 100, lakini Windows ikishaonja intaneti huanza kujipakulia masasisho, ambayo yanaweza kuwa ya GB kadhaa. Inaiona simu kama waya wa kawaida wa mtandao, haijui kwamba kila MB inalipiwa. Kabla ya jambo jingine lolote, washa Metered connection, yaani iambie Windows kwamba intaneti hii inalipiwa.

Chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Isipokuwepo ya Windows 11, jaribu ya Windows 10 ya biti 64. Mara nyingi hukubali. Ya biti 32 usihangaike nayo, Windows 11 haina toleo hilo. Na zile programu za kulipia zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mpigo, mimi sioni zinachostahili kulipwa.

Kurudi Windows 10 nako ni bure, ila ndani ya siku 10 tu, na kwa aliyepandisha toleo juu ya lile la zamani. Fundi akiwa amefuta kila kitu na kupiga upya, mlango huo haupo. Kwa watumiaji binafsi Microsoft iliweka ulinzi wa ziada wa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kulipa dola hizo kwa ajili ya Wi-Fi peke yake hakuna hesabu, maana adapta ya USB ya kawaida ni rahisi kuliko hapo.

Draiva zikigoma zote, hiyo adapta ndiyo ningeinunua. Zile ndogo kama ukucha zilizoandikwa 150Mbps hushika masafa ya 2.4 GHz tu. Kwenye ghorofa lenye ruta kila mlango zitakusumbua. Ongeza pesa kidogo upate ya 5 GHz. Muulize muuzaji kama Windows 11 inaitambua yenyewe, kwa sababu draiva iliyoletwa kwenye CD haina faida kwa laptopu isiyo na mahali pa kuitia CD.

Kubadilisha kadi ya ndani hukupa kasi na hakuna kitu kinachochomoza pembeni, lakini mitego ni mingi. Laptopu za zamani hutumia mini PCIe, mpya hutumia M.2, na vichwa vya waya za antena havilingani. Intel AX201 na AX211 hazifanyi kazi kwenye mashine za AMD. AX200 na AX210 hufanya. Baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa hata kuwaka zikikuta kadi isiyo kwenye orodha yao. Kwa hiyo patana na fundi hivi: kadi ikikataliwa, anairudisha yeye dukani, na ufundi humlipi mpaka uone Wi-Fi imeshika.