Vumbi la kwatzi: Australia wameliogopa, Salamabila tunalitwanga

Tarehe 1 Julai 2024 Australia ilipiga marufuku mawe ya meza za jikoni yanayotengenezwa kwa unga wa kwatzi na gundi ya plastiki. Meza yenyewe haiui. Linaloua ni vumbi linalotoka wakati fundi anapolikata jiwe hilo, ambalo mara nyingi ni madini ya silika kwa zaidi ya asilimia 90. Graniti ina kama asilimia 30. Mafundi vijana walikuwa wakiugua silikosisi: mapafu yanakakamaa.

Hapa kwetu Kabambare, Kongo, meza zetu ni za mbao, kwa hiyo yatuhusu nini? Dhahabu ya Namoya na Salamabila imelala ndani ya mishipa ya kwatzi, na mshipa wa kwatzi ni karibu silika tupu. Ukipondwa na kutwangwa mkavu, vumbi lake ni lilelile.

Chembe za hatari hazionekani. Unywele mmoja unazizidi unene zaidi ya mara 10. Zinapita koo hadi kwenye vifuko vya hewa, ambako seli mlinzi huzimeza kama inavyomeza vijidudu. Lakini silika haimeng'enyeki. Uso wa jiwe lililovunjwa sasa hivi una ukali wa kikemia: hutoboa kile kifuko cha vimeng'enya ndani ya seli, vimeng'enya vinamwagika, seli inakufa. Chembe inatoka nzima, inamezwa na mlinzi wa pili, naye anakufa, kisha wa tatu. Kila kifo huchochea uvimbe, uvimbe huacha kovu, na kovu halipitishi hewa. Ndiyo maana ugonjwa huweza kuendelea hata kwa aliyekwisha kuacha mgodi. Na walinzi haohao ndio wanaotegemewa kukizuia kifua kikuu.

Wapo wanaosema maziwa, mawese au lotoko husafisha kifua. Sasa niambieni, maziwa yatafanya nini? Yanakwenda tumboni. Mawese nayo tumboni. Lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, inachoma ini bure. Anayewauzia wachimbaji mizizi ya "kutoa mawe kifuani" ni tapeli, maana silikosisi haina dawa ya kuiponya. Wala ugonjwa huu si sumu uliyotiwa na jirani. Acheni kugombana na majirani.

Lowesheni jiwe kabla ya kuponda na wakati wa kutwanga. Watoto wakae mbali. Kitambaa cha mdomoni hakizuii chembe hizo. Ukikohoa wiki 2, nenda kituo cha afya upimwe makohozi, na umwambie muuguzi waziwazi kwamba unatwanga mawe. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.