Folda Ikihama, Nani Anaarifiwa?
Mfumo endeshi wa kompyuta ndio wa kwanza kujua faili inapoundwa, inapofutwa au inapobadilishwa jina. Programu nyingine husubiri kuambiwa. Katika Linux, kazi hiyo ilipewa inotify mwaka 2005, na baadaye fanotify.

Tuchukue maabara ya madini mjini Kolwezi. Matokeo ya vipimo vya shaba na kobalti huingia kwenye folda iitwayo Mpya. Karani akishayahakiki, huihamisha folda ya siku hiyo hadi Yaliyohakikiwa. Machoni pake hilo ni tendo moja. Inotify huripoti mawili, folda imetoka huku na folda imeingia kule, yakiunganishwa na namba moja ya utambulisho. Programu inayochunga Mpya peke yake husikia nusu ya habari: folda imeondoka, isijulikane imeishia wapi.

Fanotify ilianza na pengo kubwa zaidi, kwani haikutaja kabisa kuundwa, kufutwa wala kuhamishwa. Hayo yaliongezwa katika toleo la Linux 5.1 la 2019, lakini kwa mtindo wa ajabu kidogo: ripoti ya kuundwa ilitambulisha folda mzazi, ilhali ripoti ya kuandikwa ilitambulisha faili yenyewe. Sehemu ileile ya ripoti, maana mbili. Majina ya faili yalifuata katika ripoti mwaka 2020. Toleo 5.17 la 2022 ndilo lililoleta chaguo la kutambulisha pia kitu chenyewe kilichoguswa, na tukio moja la kuhama lenye anwani zote mbili. Programu ya maabara ikilitumia huku ikichunga folda zote mbili, hupokea taarifa moja tu: kutoka Mpya, kwenda Yaliyohakikiwa.