Kufiwa

Kufiwa ni hali ya mtu aliyeondokewa na mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, rafiki au mtu mwingine wa karibu kwa njia ya kifo. Maumivu yanayofuata huitwa huzuni, majonzi, simanzi au, hasa katika Kiswahili cha pwani, jitimai. Hali hiyo si ugonjwa, bali ni mwitikio wa kawaida wa mwili na akili. Hata hivyo huweza kugusa afya, masomo, kazi na mali ya waliobaki, na kwa watu wachache hudumu mno hata kuhitaji matibabu.

Neno lenyewe

Kitenzi "kufiwa" kimetokana na "kufa" kwa kuongezewa kiambishi cha kutendea (kufia) na kisha cha kutendwa. Hivyo sarufi yenyewe inaonyesha kwamba kifo humtokea mmoja lakini humwangukia mwingine.

"Msiba", neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya tukio la kifo na pia mkusanyiko wa watu nyumbani kwa wafiwa. Ndiyo sababu mtu husema "niko msibani". Nchini Kenya mkusanyiko huo huitwa zaidi matanga. Tanzia ni tangazo la kifo. Rambirambi ni salamu za pole, na vilevile fedha zinazotolewa kuwasaidia wafiwa. Huko Zanzibar mchango huo hujulikana pia kama ubani.

Mwili na akili

Katika saa na siku za kwanza wengi huwa kama waliokufa ganzi. Hufanya mambo yote yanayotakiwa, hupokea wageni, hujibu simu, na watu husema "amejikaza kweli". Si ajabu mtu asilie makaburini, kisha alie wiki tatu baadaye anapoviona viatu vya marehemu mlangoni. Baada ya ganzi huja mawimbi ya huzuni, kukosa usingizi na hamu ya chakula, kifua kubana, kusahau ovyo, hasira, na kujilaumu: "ningempeleka hospitali mapema". Kujilaumu huko mara nyingi hakulingani na ukweli wa mambo. Baadhi ya wafiwa huona hata nafuu, hasa kama marehemu aliugua kwa muda mrefu, kisha hujionea haya kwa nafuu hiyo. Nayo pia ni ya kawaida.

Waliosema kwamba mtu aweza kufa kwa huzuni hawakukosea sana. Mwaka 1969 daktari Mwingereza Colin Murray Parkes na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume 4,486 waliofiwa na wake zao wakiwa na umri wa miaka 55 au zaidi. Katika miezi 6 ya kwanza, vifo vyao vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri huo. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliupa jina la takotsubo udhaifu wa ghafla wa moyo unaotokea baada ya mshtuko mkubwa, ukiwemo msiba. Takotsubo ni chungu cha kuvulia pweza, na moyo wenye hali hiyo hufanana nacho. Huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee, na wengi hupona.

Jambo jingine huwatisha wafiwa wengi, nao hulificha: kumsikia marehemu akikohoa chumbani, kunusa harufu yake, au kumwona ameketi kwenye kiti chake. Daktari W. Dewi Rees aliwahoji wajane na wagane 293 huko Wales na kutoa matokeo mwaka 1971. Karibu nusu yao walikuwa wamepatwa na jambo la namna hiyo, na wengi hawakuwahi kumwambia mtu. Wengi waliona kwamba liliwasaidia. Katika Afrika Mashariki mtu mwenye uzoefu huo huweza kuambiwa kwamba mzimu wa marehemu unadai kitu, au kwamba amerukwa na akili. Uzoefu huo peke yake si dalili ya wazimu.

Nadharia za majonzi

Sigmund Freud, katika makala ya mwaka 1917, aliona kwamba kazi ya mwombolezaji ni kuachana kidogo kidogo na aliyekufa ili moyo uwe huru tena. Wazo hilo lilitawala kwa miongo mingi.

Nadharia inayojulikana zaidi mashuleni ni ile ya hatua 5: kukana, hasira, kujaribu kupatana na hali, sonona na kukubali. Aliyeitoa ni Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Chicago, katika kitabu cha mwaka 1969. Hutajwa mara chache kwamba yeye alizungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, si na wafiwa. Hatua hizo zilihamishiwa kwa wafiwa baadaye. Uchunguzi haujathibitisha kwamba watu huzipitia kwa mpangilio huo, wala kwamba ni lazima kuzipitia zote. Ni vibaya kumhukumu mfiwa kuwa "amekwama kwenye hasira" kana kwamba yuko darasani na amekataa kupanda kidato.

Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walitoa maelezo yanayokaribia zaidi maisha ya kila siku. Walisema mfiwa huyumba kati ya mambo mawili: kuielekea huzuni yenyewe (kulia, kukumbuka, kutazama picha) na kuyaelekea maisha yaliyobadilika (kulipa ada, kulima, kujifunza kazi ambazo marehemu ndiye aliyezifanya). Kuyumba huko ndiko kunakojenga. Anayecheka asubuhi na kulia jioni hajidanganyi. Na mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake walipinga wazo la Freud kwa kuonyesha kwamba wafiwa wengi hawaachani na marehemu, bali hubaki na uhusiano naye kwa namna mpya. Kwa jamii ambazo humpa mjukuu jina la babu aliyefariki, hilo halikuwa jipya hata kidogo.

Msiba katika Afrika Mashariki

Mila nyingi za eneo hili zina kazi ileile: mfiwa asiachwe peke yake katika siku za mwanzo. Majirani huleta mikeka, masufuria, kuni na maji, turubai hufungwa, wanaume hukaa nje na wanawake ndani, wengine wakilala hapo. Kwa Waislamu mazishi hufanyika haraka, mara nyingi siku ileile, na maombolezo ya kawaida hayazidi siku 3. Hitima husomwa, na katika familia nyingi kuna kisomo cha siku ya 40, ingawa baadhi ya wanazuoni hawaikubali desturi hiyo. Wakristo wengi nao hufanya ibada ya arobaini au misa ya kumbukumbu, na baadaye kujengea kaburi. Kumaliza kipindi cha kulala msibani huitwa kuanua tanga.

Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, au hadi ajifungue kama ni mjamzito. Hajipambi wala haolewi katika muda huo, na jirani na ndugu hujua kwamba yumo katika majonzi. Eda ina sababu zake za kisheria, ikiwemo kuthibitisha nasaba ya mtoto, lakini pia humpa mjane muda ambao hakuna anayemwuliza mbona bado ana huzuni. Mfanyakazi wa ofisini hana nafasi kama hiyo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka likizo yenye malipo ya angalau siku 4 kwa kufiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye.

Utani unastahili kutajwa peke yake. Katika makabila mengi ya Tanzania watani wana wajibu msibani: huchimba kaburi, hupika, husimamia shughuli. Pamoja na hayo huchekesha. Mtani huweza kuvaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake, kulia kilio cha uongo, au kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Mgeni huona ni dharau. Lakini wafiwa hucheka wakiwa na machozi, na marehemu anakumbukwa jinsi alivyokuwa, pamoja na vituko vyake.

Udhaifu wa mfumo huu uko mwishoni mwake. Watu 200 huja kwa siku 3, kisha turubai linafunguliwa na wote huondoka siku moja. Mfiwa hubaki na nyumba tupu, na mara nyingi deni la chakula cha waombolezaji, wakati ganzi ndiyo kwanza inaisha. Anayefika wiki ya 5 akiwa na kilo mbili za unga na muda wa kukaa husaidia kuliko wengi waliofika siku ya kwanza. Maneno ya kusema si mengi: "pole" inatosha, na kumtaja marehemu kwa jina. "Kazi ya Mungu haina makosa" huwafariji wengine na kuwachoma wengine, hasa waliofiwa na mtoto.

Mazishi yanapokosekana

Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walikufa na miili mingi haikutambuliwa au haikupatikana kabisa. Mtaalamu Mmarekani Pauline Boss huita hali ya familia kama hizo kupotelewa kusiko na uhakika: hakuna kaburi, na kila hodi mlangoni huamsha matumaini. Nchini Kenya sheria huruhusu mtu kuhesabiwa amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7, lakini moyo haufuati kalenda ya mahakama.

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa mashariki mwa Kongo mwezi Agosti 2018, katika maeneo ya Beni na Butembo wanakozungumza pia Kiswahili, ulileta tatizo jingine. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza, kwa hiyo kuosha maiti kulipigwa marufuku na mazishi yakafanywa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Familia nyingi zilikataa, na baadhi ya waokoaji walishambuliwa. Timu zilizofanikiwa ni zile zilizowaruhusu ndugu kuona kwa umbali, kuomba, na kuweka nguo au kitu cha marehemu kaburini. Wakati wa UVIKO-19 mwaka 2020, Kenya nayo iliruhusu kwa muda watu 15 tu kuhudhuria maziko.

Wakati mwingine wanaozuia maombolezo ni wafiwa wenyewe kwa wenyewe. Wakili S. M. Otieno wa Nairobi alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kijaluo, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilifika Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na maziko yakafanyika mwezi Mei 1987, miezi 5 baada ya kifo.

Mali na mjane

Mzozo wa namna hiyo huhusu mali mara nyingi zaidi kuliko kaburi. Mjane huweza kunyang'anywa shamba au nyumba katika wiki ambazo hana nguvu hata ya kusoma karatasi anayotiwa mbele asaini. Kwa sababu hiyo washauri wa sheria husisitiza mambo machache: cheti cha kifo kitafutwe mapema, hati za mali na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto vihifadhiwe mahali salama, na pasiwe na kusaini chochote msibani. Kikao cha ukoo huweza kupendekeza msimamizi wa mirathi, lakini anayemteua ni mahakama. Katika sheria ya Kiislamu mjane ana fungu lake: moja ya nane kama marehemu ameacha watoto, robo kama hakuacha.

Watoto na wanafunzi

Mtoto mdogo hajui kwamba kifo hakirudi nyuma. Wengi huelewa hivyo kati ya miaka 5 na 7. Kumwambia "baba amesafiri" humfanya asubiri, na baadaye aone kwamba alidanganywa. "Amelala" ni mbaya zaidi, kwa kuwa wapo watoto ambao baada ya hapo huogopa usingizi. Maneno ya wazi yanafaa: mwili wa baba umeacha kufanya kazi, hatarudi, na wewe hukusababisha. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito, maana mtoto hudhani kwa urahisi kwamba utundu wake ndio ulioua. Watoto hulia kwa vipande, wakalia kidogo kisha wakakimbilia mpira, na watu wazima hudhani wamesahau.

Katika shule za bweni kuna desturi ya kumwita mwanafunzi ofisini na kumwambia kuwa mzazi "ni mgonjwa kidogo", afungashe aende nyumbani. Huujua ukweli anapoliona turubai kutoka barabarani, akiwa peke yake na sanduku mkononi. Desturi hiyo ina nia njema, lakini humfanya asiwaamini tena walimu wake. Ni afadhali aambiwe ukweli na mwalimu anayemfahamu, mahali pa faragha, kisha asindikizwe. Akirudi, alama zake huweza kushuka kwa muhula mmoja au miwili. Hili si uvivu, na viboko haviliponyi.

Majonzi yasiyopungua

Kwa watu wengi makali ya huzuni hupungua yenyewe katika miezi ya kwanza, ingawa sikukuu na siku ya kumbukumbu huyarudisha. Kwa wachache hayapungui. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, hutambua majonzi ya muda mrefu kuwa tatizo la afya pale ambapo, baada ya angalau miezi 6, mfiwa bado ana shauku au mawazo yasiyokoma juu ya marehemu na maisha yake yamesimama, kuliko inavyotarajiwa katika mila na dini yake. Hatari ni kubwa zaidi baada ya kifo cha ghafla, cha kujiua, au cha mtoto. Mfiwa anayesema anataka kumfuata marehemu apelekwe hospitali mara moja, asiachwe peke yake.

Matibabu yenyewe ni mazungumzo zaidi kuliko dawa. Kwa kuwa wataalamu wa saikolojia ni wachache, jaribio moja katika maeneo ya Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, liliwafundisha watu wa kawaida wasio wataalamu kuongoza vikundi vya yatima wa miaka 7 hadi 13 na walezi wao kwa wiki 12. Watoto 640 walishiriki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mwaka mmoja baada ya mafunzo, watoto wa Kenya waliokuwa katika vikundi hivyo walikuwa na hali bora kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida; upande wa Tanzania tofauti hiyo haikuonekana tena, kwani watoto wa makundi yote mawili walikuwa na hali inayokaribiana.