Ulimi Hufundishwa Kabla ya Meno Kuota

Bwawa la Mwadingusha lilijengwa kwenye mto Lufira ili viwanda vya shaba vya Katanga vipate umeme, na mtambo wake ukaanza kazi mwaka 1930. Maji yaliyozuiliwa na ukuta huo yakafanya Ziwa Tshangalele, na ziwa likazaa riziki nyingine: samaki. Makobo, tilapia na kambale wanaovuliwa humo huuzwa Likasi na hata Lubumbashi. Mtoto anayezaliwa Mwadingusha basi huzaliwa jirani na chakula ambacho watu wa mjini hukitafuta kwa fedha. Linalobaki ni kujua kama chakula hicho kinamfikia, na kinamfikia akiwa na umri gani.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013–2014 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliokuwa chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyopasa umri wao. Madhara makubwa hutokea kati ya mwezi wa sita na mwaka wa pili, pale maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena na mtoto anaanza kupewa uji.

Uji wenyewe ndio penye shida. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama robo lita tu. Akinyweshwa uji mwepesi wa mahindi au wa muhogo, tumbo limejaa maji. Atanyamaza, atalala, na mama ataamini ameshiba. Kumbe ameshiba bila kulishwa. Wauguzi husisitiza uji uwe mzito kiasi cha kutulia kwenye kijiko bila kumwagika, kisha utiwe kitu cha kujenga mwili: karanga zilizotwangwa zikalainika, yai, unga wa samaki mkavu, kijiko cha mawese. Msimu wa finkubala ukifika, viwavi hao wa misitu ya miombo nao wanafaa sana. Wakikaushwa, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini, na wana madini ya chuma na zinki ambayo uji mtupu hauna ya kutosha. Sombe pia ni ya mtoto, mradi itwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu ili sumu ya sianidi iliyomo kwenye majani ya muhogo itoke. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku walau makundi matano ya chakula kati ya manane, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo.

Hapa kuna jambo la kusemwa wazi. Katika nyumba nyingi samaki hugawanywa kwa kufuata ukubwa wa mtu: baba anapata kipande, mtoto anamwagiwa mchuzi juu ya bukari, yaani ugali. Mchuzi unanukia samaki, lakini kinachomjenga mtoto ni mnofu. Baba akitoa vidole viwili vya kipande chake, amefanya kazi ambayo dawa ya kuongeza damu peke yake haiwezi kuifanya.

Ladha nayo hufundishwa mapema mno. Mwaka 2001 mtafiti Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha jaribio la wanawake waliokunywa maji ya karoti wakati wa mimba au wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, walikipokea chakula chenye ladha ya karoti kwa uso mkunjufu kuliko wengine. Maana yake, mama mjamzito anayekula lengalenga, matembele na samaki ameshaanza kumzoesha mwanawe. Utafiti mwingine, ulioanzishwa na Leann Birch miaka ya 1980, ulionyesha kuwa mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukipenda. Akitema sombe siku ya kwanza hajaikataa, bado anaitambua. Kumlazimisha humfanya aichukie, na kumpa biskuti mahali pake humfundisha kwamba kutema kuna malipo.

Malipo hayo yana gharama ya miaka mingi. Uingereza iligawa sukari kwa kipimo hadi Septemba 1953. Watafiti waliowafuatilia watu waliozaliwa karibu na wakati huo waliandika mwaka 2024 kwamba waliokula sukari kidogo tangu tumboni hadi miaka miwili walipata kisukari cha ukubwani kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 35, na shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20. Lishe nzuri nayo huzaa faida ya miaka mingi: nchini Guatemala, wavulana waliopewa uji wenye protini tangu kuzaliwa hadi miaka miwili, kuanzia mwaka 1969, walikuja kulipwa wakiwa watu wazima takriban asilimia 46 zaidi ya wenzao kwa kila saa ya kazi.

Chakula cha ziwani, hata hivyo, hakiwezi kusifiwa bila kutaja maji yake. Mabaki ya viwanda vya Likasi yamekuwa yakishuka na mito hadi Lufira na Tshangalele, na mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti nyingi kupita kiasi kwa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga, watoto wakiwamo. Metali hujikusanya zaidi kwenye ini, utumbo na matamvua ya samaki kuliko kwenye mnofu. Kwa hiyo samaki wa mtoto apasuliwe, atolewe vyote vya ndani na kichwa. Mboga zioshwe kwa maji safi mara kadhaa. Na mikono ya mtoto anayetambaa ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa vumbi nalo lina metali. Hayo mama anayaweza. Kuzuia uchafu usifike ziwani ni kazi ya wenye viwanda na ya serikali inayowapa vibali, na hakuna sufuria ya jikoni inayoweza kuifanya kwa niaba yao.