Je, Wajua? Bakuli Lililouzwa Sebuleni

Je, wajua kuwa vyombo vya plastiki vya Tupperware vilidoda madukani vilipoanza kuuzwa Marekani miaka ya 1940? Tatizo lilikuwa mfuniko: sharti uubonyeze katikati na kuinua ukingo kidogo ili hewa itoke. Nani angemweleza mteja hayo kwenye rafu? Muuzaji wa vyombo hivyo, Brownie Wise, aliwakutanisha akina mama sebuleni kwa jirani yao, akajaza bakuli kimiminika, akalifunika na kulirusha hewani. Hakuna tone lililomwagika! Mwaka 1951 kampuni iliviondoa vyombo madukani, ikategemea vikao hivyo. Haikuhitaji rafu ya mtu, na mnunuzi alimwamini mwenyeji anayemfahamu. Wise mwenyewe alipata shukrani ya punda: kampuni hiyo ilimfukuza mwaka 1958.