Mhitimu wa Chuo, Si wa Idara Tu

Muulize mkuu wa chuo chochote cha ufundi, kuanzia Kombani hadi Lungalunga, chuo chake kinafundisha nini. Atakutajia fani: umeme, uashi, ushonaji, upishi, ususi na urembo, ufundi wa magari. Jibu lake ni la kweli, ila ni la idara, si la chuo. Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: mhitimu wa fani yoyote ile, akishatoka langoni na cheti chake, anaweza kufanya nini kwa kuwa alipitia chuo hiki? Wataalamu wa elimu huyaita majibu ya swali hilo matokeo ya kujifunza ya chuo kizima. Hoja yangu ni kwamba vyuo vya kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, vinayahitaji kuliko vingi vingine nchini, na kwamba yatafaa tu yakiwa machache, yakiandikwa kwa kuangalia kazi za pwani hii, na yakipimwa ndani ya karakana badala ya kuachwa kuwa somo la pembeni.

Sababu imo katika historia ya ajira yenyewe. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Utalii wa Diani uliporomoka baada ya ghasia za Likoni za 1997, ukayumba tena baada ya uchaguzi wa 2007, kisha mwaka 2020 korona ikazifunga hoteli. Kampuni ya uchimbaji ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini yake mwaka 2014, na Desemba 2024 ikasimamisha uchimbaji. Kusini mwa pwani, mwajiri mkubwa huja, akakaa, akaondoka. Kijana aliyefunzwa kuhudumia mtambo mmoja wa mwajiri mmoja hubaki na ujuzi usio na mahali pa kuutumia. Kinachomfuata kazini kwingine ni vile vitu ambavyo hakuna idara inayodai ni vyake: kukadiria gharama ya kazi, kusoma mchoro na maelezo ya kifaa asichokijua, kuandika ripoti fupi inayoeleweka, kumweleza mteja ukweli bila kugombana naye, kujilinda na kuwalinda wenzake.

Msomaji anayezifahamu taasisi hizi atanijibu kwamba orodha ya namna hiyo ipo tayari. Ni kweli. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda baraza la mitaala na utahini, CDACC, na mitaala yake ya umilisi imekuwa na kundi la stadi za msingi zinazopita kwenye fani zote: mawasiliano, hesabu, teknolojia ya kidijitali, ujasiriamali, mazingira, usalama kazini na maandalizi ya ajira. Sina ugomvi na orodha hiyo. Shida ni mahali inapokaa. Stadi ya mawasiliano ikishapewa saa zake, mkufunzi wake na mtihani wake, ni rahisi mkufunzi wa umeme kuamini kwamba maandishi ya mwanafunzi wake hayamhusu. Chuo cha wanawake cha Alverno, jijini Milwaukee, Marekani, kilifuata njia nyingine kuanzia mwaka 1973: kiliteua aina nane za uwezo ambazo kila mwanafunzi lazima azionyeshe, na kikazitia katika masomo yenyewe. Alverno si chuo cha ufundi, lakini somo lake linahama vizuri. Uwezo usiodaiwa na kila mwalimu, mwanafunzi hauchukulii kwa uzito.

Chukua hesabu ya uwiano. Mwashi anachanganya zege kwa moja, mbili, nne: saruji, mchanga, kokoto. Mpishi ana vipimo vya pilau ya watu kumi na anatakiwa kulisha harusi ya watu mia tatu. Msusi anachanganya rangi ya nywele na dawa yake kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na akikosea, ngozi ya mteja ndiyo itakayolipa. Fundi cherehani amepata oda ya sare za shule na lazima ajue anunue mita ngapi za kitambaa. Hesabu ni ileile, karakana ni nne. Basi chuo kiandike tokeo moja: mhitimu anakadiria vifaa na gharama ya kazi kabla hajaianza, anampa mteja makisio kwa maandishi, na baada ya kazi analinganisha makisio hayo na matumizi halisi. Idara zote zitumie mwongozo mmoja wa kutoa alama. Ikionekana kwamba wanafunzi wa uashi hukosea makisio na wa upishi hawakosei, chuo kimepata habari kuhusu ufundishaji wake ambayo mitihani ya kila fani peke yake isingeitoa.

Tazama pia jinsi tokeo hilo lilivyoandikwa. Halikusema mhitimu “ataelewa umuhimu wa hesabu”, maana uelewa wa namna hiyo hakuna awezaye kuupima. Limetaja kitendo, na limetaja karatasi itakayobaki kuwa ushahidi. Mawasiliano nayo yanadai ukali huohuo, na hapa vyuo vyetu hukwepa jambo moja: lugha. Mwanafunzi wa Msambweni huenda anazungumza Kidigo nyumbani na Kiswahili karakanani, kisha anakutana na Kiingereza kwenye mtihani na kwenye kijitabu cha mashine. Chuo kiseme waziwazi: mhitimu amweleze mteja hitilafu kwa Kiswahili fasaha, na aandike ripoti ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Viwili hivi vikipimwa mbalimbali, fundi anayejua jokofu limeharibika wapi hataonekana mjinga kwa sababu ya sarufi. Mazingira vilevile yaanzie hapa. Visima vya Tiwi hulisha maji Ukunda na sehemu ya Mombasa kusini, kwa hiyo fundi wa mabomba, mwashi na hata mwosha magari aweze kuonyesha maji machafu ya kazi yake yanakwenda wapi. Anayehofia kwamba hilo litamfunga kijana kwenye kaunti yake akumbuke kwamba mwenye mazoea ya kuuliza swali hilo Tiwi ataliuliza Kisumu pia.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wakufunzi, na nina huruma nalo. Darasa limejaa, mashine ni chache, jalada la ushahidi la kila mwanafunzi limeshakuwa mzigo, na sasa waongezewe fomu nyingine? Wasiongezewe. Matokeo yakiwa kumi na mawili yatajazwa kwa kuweka alama za tiki mkesha wa ukaguzi, na yatakuwa uongo mtupu. Yakiwa manne, na chuo kikipima moja kwa mwaka kwa kuchukua majalada machache kutoka kila idara, ushahidi utatoka kwenye kazi ambazo wanafunzi wameshazifanya. Nao waajiri wanaosema wanataka mkono wenye ujuzi tu, hayo mengine ni mapambo, wajiulize fundi wa bei nafuu aliyekosea makisio amewagharimu kiasi gani.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo Kwale haina haja ya kungoja waraka kutoka Nairobi ili ianze. Bodi ya chuo iwaite wakufunzi wa idara zote, wenye hoteli, wenye gereji, mafundi wa mtaani na wahitimu wa zamani, wakubaliane juu ya matokeo manne, kisha yabandikwe mahali mzazi anapolipia karo. Nawe mzazi, unapompeleka mwanao kujiandikisha, usiishie kuuliza fani zilizopo na karo ni kiasi gani. Omba uonyeshwe kazi ya mwanafunzi aliyemaliza mwaka jana.