Picha ya angani pekee haijazi gunia la mkaa

KWA muuza mkaa wa Pugu, takwimu za misitu zinaweza kuonekana kama mambo ya ofisini. Lakini makadirio ya miti iliyopo ndiyo msingi wa kupanga kiasi cha kuvuna, na yakikosewa, mfanyabiashara huona matokeo yake kwenye bei ya gunia.

Hakuna awezaye kuhesabu mti mmoja mmoja. Picha za setilaiti huonyesha ukubwa wa eneo na mahali msitu ulipo mnene au mwembamba. Kisha wapimaji huingia msituni na kupima unene wa miti katika viwanja vichache vya sampuli. Taarifa hizo mbili ziliunganishwa katika tathmini ya kitaifa, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009 na kukadiria kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu.

Ugumu upo katika kuunganisha. Chukua mfano wa msitu wa hekta 1,000. Picha inaonyesha hekta 300 ni msitu mnene na 700 ni vichaka. Wapimaji wanapima viwanja sita kwenye msitu mnene, wastani mita za ujazo 60 kwa hekta, na vinne kwenye vichaka, wastani 10.

Wakijumlisha viwanja vyote na kugawa kwa kumi, wanapata wastani wa 40, yaani mita za ujazo 40,000. Lakini kila sehemu ikihesabiwa kwa eneo lake, msitu mnene una 18,000 na vichaka 7,000, jumla 25,000. Zile 15,000 zilizozidi zipo kwenye karatasi tu. Anayepanga kuvuna kwa hesabu ya kwanza atamaliza msitu kabla ya wakati.

Umbali nao una uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliolinganisha hali ya 1991 na 2005, ulionyesha uharibifu wa misitu ukisambaa kutoka Dar es Salaam kwa kasi ya hadi kilomita tisa kwa mwaka. Aina za miti ziliongezeka kadiri ya umbali kutoka jijini. Hivyo viwanja vya kando ya barabara ya Pugu haviwezi kusemea misitu ya mbali mkoani Pwani.

Kijiji kinachoandaa mpango wa kuvuna msitu wake kiulize mambo matatu: viwanja vilikuwa vingapi, vilipimwa wapi, na picha ni ya mwaka gani. Majibu yakikosekana, shoka lisubiri.